Bwawa Lilipona, Sukari Ikapotea

Ndugu msomaji, juma hili naomba uepue chungu kwa dakika chache, tuzungumze habari ya vita na sukari.

Tarehe 22 Aprili, 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliingia Jinja. Ilihofiwa sana kwamba askari wa Idi Amin wangelilipua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Hawakulilipua. Mitambo iliyofua umeme tangu mwaka 1954 ikakutwa mizima. Mtu angedhani kwamba, maadamu umeme upo, viwanda navyo vingenguruma mara moja.

Haikuwa hivyo. Huko Kakira, mashariki ya mji, uharibifu ulitangulia risasi. Wenye kiwanda, jamaa ya Madhvani, walifukuzwa pamoja na Waasia wengine mwaka 1972. Vipuri vikaadimika, mafundi wakatawanyika. Vita vilikuta nyumba iliyokwisha liwa na mchwa. Jamaa hiyo ilirejea mwaka 1985 kwa ubia na Serikali, na hata hapo miaka ilipita kabla sukari haijaonekana kwa wingi.

Mimi nafanya kazi Jinja, lakini nimeolewa Mbale, na habari za jikoni za siku zile nazipata kwa mama mkwe wangu. Sabuni, asema, ilikatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate kipande. Sukari iliwekewa mgonjwa. Na hayo yalitokea chini ya Mlima Elgon, penye kahawa bora! Baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ilipanda duniani kote, ila mkulima wa Bugisu alilipwa kidogo, tena kwa fedha isiyonunua kitu. Basi wengi walibeba magunia usiku hadi soko la Chepkube, mpakani upande wa Kenya, wakarudi na chumvi na sabuni. Baadhi walipigwa risasi njiani. Mtumishi wa Serikali hapaswi kusifu magendo, wala siyasifu. Lakini mzazi aliyefuata chumvi sijaweza kumwita adui wa taifa.

Mei 1987 noti zilibadilishwa. Shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, kisha asilimia 30 ikakatwa. Tufanye hesabu (ualimu hautoki mwilini): mwenye 10,000 alipewa 100, akabaki na 70. Mama mkwe alikuwa ameficha ada ya watoto ndani ya kibuyu. Siku hiyo, asema, ilimwuma kuliko siku askari walipopita, kwa kuwa askari aliwasikia wakija. Na jirani zao wa Teso walikuwa katika uasi uliodumu hadi 1992, hata njia ya kwenda kuuza kuku huko ilitiliwa shaka.

Leo maduka ya Mbale yamejaa sukari ya Kakira. Hata hivyo, sandukuni mwake, chini ya vitenge, hazikosi kilo mbili zilizofungwa vizuri. Nikimwuliza ni za nini, huniambia, “Kunywa chai yako, mwanangu.”