Insafu kwa Mwili Uliopasuliwa

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwinyi Faki

Katika maswali yote aulizwayo mtu aliyeazimia kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hakuna litangulialo hili la kilo ngapi atapungua, wala hakuna lijibiwalo kwa uzembe kuliko hilo. Maana jamaa humtajia kilo za mtu wamjuaye, matangazo ya simuni humwonyesha picha mbili za mtu mmoja, ya kwanza mnene na ya pili mwembamba, na yeye mwenyewe, kwa uchungu wa miaka mingi ya kuchekwa, huichagua tarakimu impendezayo akaiweka moyoni kana kwamba ni ahadi ya tabibu. Nasema kwa yakini kuwa tarakimu iliyopatikana kwa njia hiyo ni dhuluma juu ya mwili, na kwamba lengo la haki ni lile lihesabiwalo kutoka uzito ambao mtu aliingia nao chumba cha upasuaji, likangojwa kwa muda unaotakiwa na maumbile, na likapimwa kwa siha kabla ya kupimwa kwa mizani.

Yafaa kwanza tuujue upasuaji wenyewe. Namna mbili zinazotumika zaidi duniani ni ile ya kukata na kuondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba, na ile iliyoanzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na Edward Mason pamoja na Chikashi Ito, ambayo kwayo hutengwa kijifuko upande wa juu wa tumbo kikaungwa na utumbo mdogo kwa njia ya mkato. Zote mbili hupunguza nafasi ya chakula, na zote hubadili homoni za njaa na shibe, ndipo mtu aliyekuwa haridhiki kwa sahani akatosheka kwa vijiko vichache. Ama puto liwekwalo tumboni kwa miezi kadhaa kisha likatolewa, kama lile la Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, hilo si upasuaji, na matarajio yake ni madogo zaidi. Na asiyeijua tofauti hii hujilinganisha na jirani ambaye hakutendewa jambo lile lile.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme yupo mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 130. Jedwali la hospitali, lililojengwa juu ya kanuni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, humwambia kuwa uzito wake haufai kupita kilo 64. Naye akitoa hupata ziada ya kilo 66, akaazimia kuzimaliza zote kabla ya harusi ya mwanawe mwakani. Lakini uzoefu wa matabibu wa nchi nyingi waonyesha kuwa upasuaji wa kukata mfuko humpunguzia mtu, kwa wastani, kiasi cha robo ya uzito wake wote, na ule wa njia ya mkato hukaribia asilimia 30. Asilimia 30 ya kilo 130 ni kilo 39. Basi mwanamke huyu, mambo yakimwendea kama yawaendeavyo wengi, atafika kilo 91. Kwa kipimo cha matabibu, ambao kwa miaka mingi wamemhesabu aliyepoteza nusu ya ziada yake kuwa amefaulu, yeye amefaulu na kuzidi, kwani amepoteza karibu asilimia 60. Kwa kipimo alichojitungia, ameshindwa kwa kilo 27, naye atakaa nyumbani akilia hali mwili wake umetenda yote uliyoyaweza. Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao hapa ni hizo kilo 39 zilizokwisha kuondoka.

Jambo la pili ni wakati. Uzito hushuka kwa kasi katika miezi sita ya mwanzo, hupunguza mwendo mpaka mwezi wa 12 au wa 18, kisha husimama. Na hata ndani ya kasi ile, aghalabu karibu na wiki ya tatu, mizani huganda siku kadhaa bila taksiri ya mgonjwa, naye asiyeonywa mapema hudhani kuwa upasuaji wake umeharibika. Nchini Sweden utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987 chini ya uongozi wa Lars Sjöström uliwafuata watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, pamoja na wengine wenye unene kama wao ambao hawakupasuliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalidhihirisha kuwa waliofanyiwa njia ya mkato walikuwa wamepungua asilimia 32 katika mwaka wa kwanza na wa pili, na asilimia 25 ulipofika mwaka wa 10. Yaani sehemu ya kilo ilirejea. Lakini utafiti huo huo ulithibitisha kuwa waliopasuliwa, kwa jumla, walifariki wachache kuliko wenzao. Fadhila ya umri haikufutwa na kilo zilizorudi, kwa hiyo lengo la busara halina budi kuziachia nafasi tangu siku ya kwanza, ili zitakapokuja zimkute mtu amejiandaa kuzizuia zisizidi, wala zisimkute amekata tamaa.

Jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kile kinachopimwa. Shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu kwa wengi hata uzito ukipungua kwa sehemu ndogo, asilimia 5 mpaka 10, muda mrefu kabla ya mtu kuonekana mwembamba machoni pa watu; na goti, kwa kila kilo moja iliyoondoka mwilini, hupunguziwa mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Basi aliyekuwa akisali juu ya kiti na sasa anasujudu na kuinuka bila kushikwa mkono, aliyekuwa akikoroma na kukatika pumzi usiku na sasa analala mpaka alfajiri, aliyekuwa akichoma sindano za insulini na sasa tabibu wake amempunguzia dozi, huyo amefika mahali ambapo jedwali la Quetelet haliwezi kupaonyesha. Malengo ya namna hii yaandikwe juu ya karatasi, na kilo ziandikwe chini yake.

Wala wajibu haumwishii mgonjwa peke yake. Katika miji yetu ya pwani, ambako kunawiri bado huhesabiwa kuwa dalili ya neema, aliyepungua haraka husalimiwa kwa swali la "Umekonda, una nini?", na nyuma ya mgongo wake hunong'onwa maradhi, ilhali yule aliyepungua kwa kiasi huambiwa kuwa bado ni mnene na fedha zimepotea. Maneno yote mawili ni ukatili, na humsukuma mtu ama ale kupita haja ili kuwaridhisha shemeji na mawifi, ama ajinyime protini na chuma ambavyo mwili wake unavihitaji mno. Jamaa wenye huruma humwekea samaki na mbaazi kabla ya wali, humwacha anywe maji nje ya saa za chakula, humkumbusha vidonge vya vitamini na madini ambavyo ni vya umri wote, na ikiwa ni mke kijana, humstahi asiharakishwe kushika mimba kabla ya kupita mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Nina dai moja kwa hospitali zetu, za umma na za binafsi. Kabla mgonjwa hajatia saini, apewe waraka wa Kiswahili wenye uzito wake wa siku ile, uzito unaotarajiwa baada ya mwaka na nusu kwa namna ya upasuaji aliyoichagua, na uzito unaotarajiwa mwaka wa 10. Na chini yake yaandikwe malengo matatu ya siha aliyoyataja mwenyewe, pamoja na tarehe za kurudi kuchunguzwa. Hospitali iwezayo kuhesabu gharama ya upasuaji mpaka shilingi ya mwisho haina udhuru wa kushindwa hesabu hiyo, na mgonjwa asiyepewa waraka huo ana haki ya kuudai kabla ya kulipa.