Ripoti ya koperative ni ya koperative, si ya mfadhili

Ndugu wakulima, ndugu viongozi wa makoperative ya Irumu, Djugu, Mambasa, Mahagi na Aru,

Sisi maagronomu tunaotoka Bunia kuja kwenu mashambani, leo tunaanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi tumewaomba ripoti. Ripoti ya semina, ripoti ya mbegu, ripoti ya wanawake wangapi na vijana wangapi. Mnaandika, mnatia saini, mnapiga kashe, na sisi tunapeleka biro. Kutoka pale zinaenda mbali na hazirudi. Mara chache sana tumewauliza: ninyi wenyewe, ripoti hii imewasaidia kuamua nini?

Mawazo yetu ni haya: ripoti ya kwanza ya koperative inapaswa kuandikwa kwa ajili ya komite yake na wanachama wake. Sisi wengine tutapata kopi.

Tuwaelezee kwa nini tunasema hivyo. Tulifika katika koperative moja ya kakao, hatutaitaja jina. Tulikuta watu wamekaa chini ya mti, na maneno yalikuwa makali. Kwa mwezi mmoja walikuwa wamenunua kilo 3,000 za kakao mbichi kwa wanachama. Baada ya kuchachusha na kuanika, mizani ilionyesha kilo 930 tu za kakao kavu. Kwa kawaida, kilo 100 za kakao mbichi zinatoa kilo 35 mpaka 40 za kakao kavu, kwa hiyo walingoja kilo 1,050 kwa uchache. Kilo 120 ziko wapi?

Kijana anayelinda depo njo alikuwa amesimama katikati. Mzee mmoja akasema: "Ufunguo iko na nani? Huyo njo anajua." Mwingine akaanza kuuliza kijana ni mtoto wa nani na ametoka upande gani. Ndugu, sisi wote wa Ituri tunajua swali la namna hiyo linaweza kutupeleka wapi. Kilo 120 za kakao zinaweza kuanza jambo ambalo tani mia haziwezi kulizima.

Tuliomba makaye. Yalikuwepo, na yaliandikwa vizuri. Kaye moja ya manunuzi ilikuwa kwa mama mtunza feza. Nyingine, ya kakao kavu inayoingia depo, ilikuwa kwa kijana. Kasoro ilikuwa moja: makaye hayo mawili hayakuwahi kukaa kwenye meza moja. Tulichukua karatasi, tukapanga manunuzi kwa wiki, tukayafuatisha na kakao kavu iliyotoka katika kila kundi. Wiki mbili za kwanza: kilo 1,500 mbichi, kilo 555 kavu. Hiyo ni kilo 37 kwa 100, sawa kabisa. Wiki mbili za mwisho: kilo 1,500 mbichi, kilo 375 kavu. Hiyo ni 25 kwa 100.

Nini kilibadilika? Mvua kubwa ilianza, na watu walileta kakao ndani ya ndoo, pamoja na maji yake na vipande vya ganda. Mpimaji alipima vyote. Koperative ilinunua maji kwa bei ya kakao. Hakuna aliyeiba. Mkutano ukanyamaza, kisha mama mmoja akacheka: "Kumbe mwizi ni mvua!" Siku ile ile waliamua kwamba kakao itachujwa kwanza kwenye kikapu kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Kijana alibaki na kazi yake, na zaidi ya kazi, alibaki na jina lake.

Hiyo njo ripoti tunayoitaka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata mali yenye madaftari mawili inapotea, kama madaftari hayo hayakutani.

Tunapendekeza karatasi moja kwa mwezi. Si kitabu. Upande mmoja, mistari mitano.

Mstari wa kwanza: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, kilo zinazobaki depo. Zinazobaki zipimwe, zisikisiwe.

Wa pili: kilo 100 mbichi zimetoa kavu ngapi, kwa kila kundi, na kila kundi lipewe namba. Kwa kahawa pia ni hivyo: kwa kawaida kilo sita hivi za matunda mekundu zinatoa kilo moja ya kahawa ya kijani. Namba hiyo ya kundi ina faida nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu misitu inataka mnunuzi ajue kakao na kahawa imetoka shamba gani. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini siku ile itafika.

Wa tatu: feza iliyoko, feza ambayo koperative inawadai watu, na feza ambayo wanachama wanaidai koperative. Andikeni ni franga, dola, au shilingi ya Uganda kama kule Aru na Mahagi, na mlibadilisha kwa bei gani siku ile.

Wa nne: kilo moja kavu imetugharimu ngapi. Hapa njo wengi wetu tunaanguka. Tuseme mnanunua kilo mbichi kwa dola moja. Kama kilo 100 zinatoa 37, kilo kavu imewagharimu dola 2.70. Kama zinatoa 25, imewagharimu dola 4, na bado hamjalipa mifuko, motari na vizuizi vya barabarani. Mnunuzi akileta dola 3.50, katika hali ya kwanza mko na senti 80 mkononi, katika hali ya pili mmepoteza senti 50. Bei ni ile ile, mnunuzi ni yule yule.

Wa tano: bei tatu za mwisho mlizosikia, tarehe yake na nani aliitoa. Bei ya kakao haikai mahali. Mwanzo wa 2023 tani moja kwenye soko la New York ilikuwa karibu dola 2,600. Desemba 2024 ilipita dola 12,000. Kabla ya 2025 kuisha, ilikuwa imeshuka chini ya 7,000. Bei ya kijijini haifuati ile ya New York hatua kwa hatua, lakini komite inayoamua kwa kukumbuka bei ya mwaka jana inatembea gizani.

Chini ya mistari hiyo mitano muweke mstari mzito, halafu muandike: tumeamua nini, nani atafanya, mpaka tarehe gani. Mwezi unaofuata, muanze kwa kusoma hapo. Na kama kuna namba ambayo kwa miezi mitatu haijawasaidia kuamua kitu chochote, muifute. Namba isiyo na kazi inakula wino na macho.

Tunajua mtatujibu nini. Wengine watasema: "Hatuna kompyuta, na moto wa umeme hakuna." Karatasi hii inahitaji kaye, bik, mizani iliyo sawa, na watu wawili wanaokubali kukaa pamoja nusu siku.

Wengine watasema jambo zito zaidi: "Tukiandika feza yetu ukutani, usiku tutatembelewa." Wana haki. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, na hata kabla ya hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa juu ya usalama. Kwa hiyo ukutani mubandike kilo na kiwango cha kukauka tu. Feza isomwe kwa mdomo ndani ya mkutano, na karatasi irudi sandukuni. Tarehe ya kuuza na njia ambayo gari litapita zisiandikwe popote. Uwazi kwa wanachama si kupiga kengele sokoni.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini tunawasikia: karatasi hii inamvua prezida uwezo wake. Papa Prezida, tunakuambia kwa heshima: inakulinda. Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria yake ya makoperative, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, inataka mkutano mkuu wa kila mwaka ufanyike ndani ya miezi sita baada ya kufunga hesabu. Pia inaweka watu wa kuangalia kazi ya wale wanaoongoza. Kiongozi mwenye karatasi 12 za miezi 12 anaingia mkutano huo bila jasho. Asiye nazo anaingia na maneno matupu, na maneno matupu njo yanazaa uvumi.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wa mashirika ya misaada. Koperative yenye wafadhili watatu inajaza fishi tatu tofauti kwa kakao ile ile, na mtu mmoja anayejua kuandika anamaliza wiki nzima akitufurahisha sisi. Tuache hiyo. Tukubali kupokea kopi ya karatasi yao, na kama tunahitaji namba ya ziada, tutume mtu wetu aje kuitafuta mwenyewe.

Ninyi viongozi, msingoje tukubali. Mwisho wa mwezi huu, kabla ya kuita mkutano, mtafuteni anayeshika kaye ya manunuzi na anayeshika kaye ya depo. Muwaweke kwenye meza moja.