Linux inapofuta viendeshi vya diski za zamani, seva za Lualaba zinasemewa na nani?

Seva inawaka. Feni zinavuma, taa za diski zinamulika kijani, fundi anachomeka flashi yenye mfumo mpya. Baada ya dakika chache skrini inamwambia kwamba hakuna diski iliyopatikana. Anazima, anawasha, anabadilisha nyaya, anaanza kumlaumu aliyemuuzia. Kumbe diski zipo na ni nzima. Kinachokosekana ni kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachojua kuzungumza na kadi inayoshika diski hizo.

Jambo hili linaweza kumkuta fundi wa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, popote seva zilizostaafishwa Ulaya zinaponunuliwa kwa bei nafuu na kuanza maisha mapya. Chanzo chake kinajulikana. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilipotoa toleo la 8 la mfumo wake mwezi Mei 2019, iliacha kuzitambua kadi nyingi za diski za miaka ya nyuma. Mojawapo ni PERC 6/i, iliyokuwemo katika seva nyingi za Dell za karibu mwaka 2008 hadi 2010. Mifumo inayonakili kazi ya Red Hat ikafuata. Na toleo la zamani ambalo wengi walikuwa wamelizoea, CentOS 7, lilifikia mwisho wa huduma Juni 30, 2024. Mwenye seva akabaki njia panda: abaki na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama, au ahamie mfumo mpya usioziona diski zake.

Katika miji mikubwa jibu ni rahisi: nunua mashine nyingine. Kisenge si mji mkubwa. Uko magharibi mwa Kolwezi, upande wa kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola, na sifa yake ni manganizi. Wenyeji wa huko hawahitaji kufundishwa maana ya kitu kizima kukosa njia. Madini ya Kisenge yalikuwa yakisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoikata reli hiyo mwaka 1975, mgodi ulikwama ingawa manganizi ilikuwa bado ardhini na nyingine imeshachimbwa. Kiendeshi cha diski ni reli ya namna hiyo. Kikiondolewa, data haijafutwa, lakini haifiki popote.

Tangu 2023, serikali ya Angola ilipowakabidhi Trafigura, Mota-Engil na Vecturis uendeshaji wa reli ya Lobito kwa miaka 30, magazeti yamejaa habari za mataruma, vichwa vya treni na mikopo. Ni sawa. Lakini stesheni, forodha, zahanati na ofisi za mgodi zote zinaandika kumbukumbu zao kwenye diski, na njia ya kuzifikia diski hizo inatunzwa na watu ambao hakuna mwandishi wa Lualaba aliyewahi kuwauliza swali.

Watu hao ni watunzaji wa keneli ya Linux, kiini cha mfumo kinachokaa kati ya programu na vyuma. Keneli hiyo imo ndani ya kila simu ya Android, hivyo hata mama anayepokea pesa kwa simu sokoni Kisenge anaitumia. Msimbo wake ulikaribia mistari milioni 40 mwanzoni mwa 2025, na zaidi ya nusu ni viendeshi. Sehemu ya hifadhi ina wakubwa wake wanaojulikana: Jens Axboe, aliyeajiriwa na Meta, anasimamia tabaka ambalo maombi yote ya kusoma na kuandika diski hupitia. Martin Petersen wa Oracle anashughulikia SCSI. Damien Le Moal wa Western Digital amekuwa akishughulikia viendeshi vya ATA. Angalia mishahara yao inakotoka. Kila mmoja analipwa na kampuni ambayo diski ndiyo riziki yake au ndiyo mtaji wake, na diski wanazozijali kwanza ni mpya.

Hata hivyo si haki kuwachora kama watu wanaofurahia kufuta. Msimbo usiotunzwa ni hatari, na historia inaonyesha hivyo. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la VENOM katika kiendeshi cha kuigiza flopi ndani ya QEMU, programu inayotengeneza kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta halisi. Kasoro ilikuwa imelala humo tangu 2004. Ni nani aliyekuwa anatumia flopi mwaka 2015? Karibu hakuna. Lakini msimbo ulikuwepo, na kupitia humo mshambulizi angeweza kutoka kwenye kompyuta ya kubuni na kuingia katika ile halisi, penye data za watu wengine. Chumba kisichofagiwa ndicho nyoka anachokipenda.

Tena, mara nyingine usafi haumuumizi mtu. Agosti 2021, toleo la 5.14 la keneli liliondoa viendeshi vya zamani vya IDE, zaidi ya mistari 40,000 kwa mkupuo. Aliyeongoza kazi hiyo ni Christoph Hellwig. Kwa anayesikia juujuu, ni kama diski zote zenye utepe mpana wa nyaya zimehukumiwa kifo. Sivyo. Kulikuwa na seti mbili za viendeshi zikifanya kazi ileile, ya zamani na nyingine iitwayo libata iliyoanza miaka ya mwanzoni ya 2000. Kilichoondolewa ni ile ya zamani, baada ya onyo la muda mrefu. Diski ya IDE ya kompyuta ya mezani bado inasomeka, ila jina lake ndani ya mfumo limebadilika kutoka hda kuwa sda.

Palipo na jambo la kutukera ni katika namna uamuzi unavyofikiwa. Watunzaji hawana orodha ya mashine zote duniani. Wanapotaka kuondoa kiendeshi, huuliza hadharani kama kuna anayekitumia, kisha husubiri. Asipojitokeza mtu, ukimya unahesabika kama jibu.

Na wanaojitokeza husikilizwa kweli. Wakati wa kuondoa IDE ya zamani, watu wanaotunza kompyuta za Atari za mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wao kwa mapenzi tu, walisema mashine zao bado zinahitaji njia ya kufikia diski. Wakapima, wakaripoti, na libata ikarekebishwa iweze kuzihudumia. Mfano wa pili ni wa viendeshi vya diski zilizochomekwa kwenye tundu la printa, vilivyoitwa PARIDE. Vilikuwa vimechakaa na vikingoja kutupwa. Ondrej Zary, aliyekuwa na vifaa hivyo mkononi, aliandika upya kiendeshi chao juu ya libata, nacho kikaingia katika toleo la 6.3 mwezi Aprili 2023. Hata flopi ina hadithi yake. Mwaka 2019 mtunzaji wake, Jiri Kosina, alisema hana tena mashine ya kupimia, na kiendeshi kikaandikwa kuwa yatima. Baadaye Denis Efremov akajitolea kukilea.

Kwa hiyo kompyuta ya Atari iliyo kwenye meza ya mpenzi wa vitu vya kale imepata wakili, na seva ya kadi ya PERC inayobeba hesabu za ofisi nzima katika Lualaba haikupata. Tofauti haiko katika umri wa mashine wala thamani ya data. Mwenye Atari alijua swali linaulizwa wapi, alilisoma kwa Kiingereza bila shida, na alikuwa na jioni nzima ya kupima na intaneti isiyokatika. Fundi wa kwetu hujua swali liliulizwa siku diski zinapokataa kuonekana, miaka minne au mitano baada ya jibu kufungwa.

Hapa lazima tutenganishe makosa mawili. Kadi ya PERC 6/i haikutupwa na watunzaji wa keneli. Msimbo wa kuitambua ulibaki katika keneli yenyewe. Red Hat ndiyo iliyoamua kutoihudumia tena, kwa sababu kila kadi inayoahidiwa huduma inahitaji kupimwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana fundi anayehamia Debian kwa kawaida anaiona diski palepale, na anayetaka kubaki katika ukoo wa Red Hat anaweza kupata kiendeshi hicho kutoka ELRepo, mradi wa watu wanaojitolea kukusanya viendeshi vilivyoachwa. Kabla ya kuitupa seva, jaribu hayo mawili. Seva nyingi zilizogeuzwa viti vya kukalia zingeweza bado kufanya kazi.

Muda wa huduma nao umefupishwa. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba matoleo ya keneli yanayotunzwa kwa muda mrefu hayatapewa tena miaka sita bali miwili, kwa sababu mzigo umewazidi watunzaji na watumiaji wa matoleo hayo makongwe ni wachache. Toleo la 4.19, la Oktoba 2018, lilipata marekebisho yake ya mwisho Desemba 2024. Keneli za familia hiyo ziko ndani ya simu nyingi za bei ya chini ambazo bado zinashikwa mikononi.

Viwanda vikubwa vya nje vilishaona hatari hii na kujipanga. Mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa Civil Infrastructure Platform chini ya Linux Foundation, ukiwa na kampuni kama Siemens, Hitachi na Toshiba. Kazi yake ni kutunza matoleo machache ya keneli kwa miaka kumi au zaidi, kwa ajili ya mitambo ya umeme, reli na viwanda. Toleo la 4.4 limepangiwa kutunzwa hadi Januari 2027. Hivyo kutunza msimbo wa zamani kunawezekana. Kunahitaji mtu wa kulipa, na ukanda wenye shaba na kobalti ya kutosha kuwasha magari ya umeme ya mabara matatu hauwezi kusema hauna cha kulipia wahandisi watano.

Kwa vijana mlango upo wazi kuliko wanavyodhani, na unafunguka kwa kazi hiihii ya usafi. Mpango wa Outreachy, unaowalipa wanafunzi wa vitendo katika programu huria, huwaanzisha waombaji wa keneli kwa kusafisha viendeshi: kurekebisha mpangilio wa mistari, kuondoa majina yasiyotumika, kufuta msimbo uliokufa. Wamewahi kupita humo vijana wa Kenya na wa Kameruni. Ni kazi ndogo, wengine huidharau, lakini anayeifanya mara kumi anajulikana kwa jina, na jina lake likitokea chini ya ujumbe usemao “kadi hii bado tunaitumia Kolwezi”, ujumbe huo unasomwa. Taasisi za ufundi za Lubumbashi na Kolwezi hazihitaji maabara ya mamilioni kwa hilo. Zinahitaji kukusanya zile kadi za zamani zinazotupwa na kupima kila toleo jipya juu yake.

Kuna tarehe moja ambayo haifai kupita kimyakimya kama zilizotangulia. ReiserFS, mfumo wa faili uliokuwa maarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitangaziwa kustaafu mwaka 2022 na ukaondolewa katika toleo la 6.13 la Januari 2025. Diski iliyopangwa kwa ReiserFS leo haisomeki kwenye keneli mpya. Anayefuata kwenye foleni ni XFS ya muundo wa 4. Muundo huo hauwezi kuandika tarehe zinazovuka Januari 2038, na watunzaji wamekwisha kutangaza kwamba msimbo wake utaondolewa Septemba 2030. Muundo wa 5 utaendelea. Shida ni kwamba diski nyingi za XFS zilizopangwa kabla ya 2015 ni za muundo wa 4, na muundo huo haugeuzwi kuwa wa 5 papo hapo. Ni lazima data yote inakiliwe pengine, diski ipangwe upya, kisha data irudishwe.

Kujua uko upande gani ni kazi ya dakika moja. Fundi aandike amri ya xfs_info ikifuatiwa na mahali diski ilipofungwa, na atafute neno crc katika majibu. Ikiwa ni crc=1, hana la kufanya. Ikiwa ni crc=0, anahitaji diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, na saa kadhaa za kunakili bila umeme kukatika. Katika ofisi za Lualaba, hilo la pili humaanisha kuweka akiba ya mafuta ya jenereta kabla ya kuanza.