Wakili wa kampuni huitwa mkataba umeshatiwa sahihi

Juzi Kitale, askari wa mlangoni kwenye ofisi moja aliandika jina langu, nambari ya kitambulisho na ya simu. Nikamuuliza, daftari likijaa hupelekwa wapi? Akacheka.

Mimi sikucheka. Kitale kuna Kenya Seed. Bungoma kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, alichokodishwa West Kenya Sugar mwaka 2025 kwa miaka 30. Biashara za huko zinashika taarifa za wakulima wengi mno. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema taarifa zikivuja na kuhatarisha wenyewe, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Saa hizo ahesabu nani? Wakili wa kampuni, ambaye pengine alisomea ardhi na mikataba, si kompyuta. Lakini kusoma ataweza. Tabu ni kuwa mteja wake ndiye amlipaye mshahara. Huletewa karatasi bosi ameshatia sahihi, akaambiwa aitafutie njia. Ningekuwa mkurugenzi, ningempa kiti kwenye bodi kabla ya kumpa gari.