Heathrow au Gatwick?



Nina rai juu ya mashirika ya ndege za safari ndefu yanayohiari kutua uwanja wa ndege wa Gatwick badala ya ule wa Heathrow, vyote vikiihudumia London. Sikatai kwamba huko Heathrow, penye njia mbili tu za kurukia, nafasi ya kutua ni ghali mno, hata mwaka 2016 ikaarifiwa kwamba Oman Air ilinunua ya Kenya Airways kwa dola milioni 75. Lakini abiria atokaye Nairobi kwenda Chicago, mwenye watoto na masanduku, akishushwa Gatwick hulazimika kupanda basi kuizunguka London hadi Heathrow, roho juu asiachwe na ndege. Nawasihi wakuu wa mashirika wamfikirie huyo kwanza, kisha ndipo wahesabu nafuu ya gharama.


Msafiri, Mombasa