Homa ya mtoto baada ya Mikumi: hesabu siku kabla ya kulaumu mbuga

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari ya familia kwenda Hifadhi ya Taifa Mikumi imekuwa jambo la kupanga wiki hii na kwenda wiki ijayo. Shule nazo hazijabaki nyuma. Jumamosi za muhula utaona Coaster zilizojaa wanafunzi zikielekea barabara ya Iringa alfajiri.

Ni jambo jema. Mikumi ipo tangu 1964, ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata katikati kwa kilometa takribani 50. Wapo watoto wa Morogoro waliozoea kuona twiga na tembo kupitia dirisha la basi wakienda kwa bibi Iringa, lakini hawajawahi kuingia getini na kukaa nao kwa utulivu kwenye uwanda wa Mkata au kwenye bwawa la viboko.

Tatizo ninalokutana nalo kwenye kazi yangu ya kuandika habari za afya huanza mtoto akisharudi. Anapata homa, na mbuga inahukumiwa hapo hapo.

Jumamosi mbugani, Jumatatu homa

Mama mmoja mkazi wa Kihonda aliniambia mwanawe wa darasa la nne alikwenda Mikumi na wenzake Jumamosi. Jumatatu akaamka na homa, Jumanne kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Bibi wa mtoto akatoa hukumu: "Nilisema mimi, porini si mahali pa kupeleka mtoto." Safari ya familia iliyopangwa mwezi uliofuata ikafutwa.

Siku nne baadaye mdogo wake, ambaye hakwenda popote, naye alipimwa akakutwa na malaria.

Mzazi, tuhesabu siku pamoja. Vimelea vya malaria vikiingia mwilini kwa kuumwa na mbu, huhitaji angalau siku 7 kabla ya homa kuanza. Mara nyingi huwa siku 9 hadi 14, na huweza kwenda hadi mwezi mmoja. Mtoto aliyekwenda mbugani Jumamosi na kupata homa Jumatatu alikuwa tayari na vimelea kabla hajapanda gari.

Kuna jingine. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hufanyika mchana. Kwa mtoto huyu pa kukagua palikuwa chumbani: chandarua kilichotoboka na madirisha yanayoachwa wazi hadi saa tatu usiku.

Hii haina maana homa ya siku ya pili ipuuzwe. Homa yoyote kwa mtoto ipimwe ndani ya saa 24, awe ametoka mbugani au sebuleni. Usimpe dawa mseto iliyobaki kabatini ukisubiri kuona. Kuhesabu siku kunakusaidia kujua chanzo, ili usizibe tundu lisilovuja.

Wanaolala huko ni hesabu nyingine

Familia au shule inayolala Mikumi mjini ihakikishe kila kitanda kina chandarua, na watoto wavae mikono mirefu kuanzia jioni. Hili ni muhimu zaidi kwa watoto wanaotoka juu milimani, kwa mfano Mgeta. Baridi ya Uluguru hupunguza mbu, hivyo mtoto wa huko hajakutana na malaria mara nyingi kama mwenzake wa bondeni, na mwili wake haujajenga kinga. Akishuka bondeni kulala siku mbili, anaweza kuumwa vibaya zaidi. Mzazi wa mlimani aandike tarehe ya safari na kumwangalia mtoto kwa mwezi mzima.

Mbung'o na sketi ya bluu

Mchana mbugani mwenye kuuma ni mbung'o, wengine humwita ndorobo. Kuuma kwake kunauma kweli, na watoto hulia. Hufuata gari linalotembea, hupenya dirisha lililo wazi, na huuma hata juu ya nguo nyepesi. Dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimzuii sana.

Kinachomvuta ni rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana katika baadhi ya hifadhi utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa porini: vimewekwa dawa ili mbung'o akivifuata afe. Watoto wasiviguse.

Sasa fikiria sare ya shule ya msingi: shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu iliyokolea. Tunawapeleka watoto mbugani wakiwa wamevaa rangi ambayo mbung'o anaitafuta. Walimu wanapenda sare kwa sababu ni rahisi kuwahesabu watoto, na hoja hiyo ni ya msingi. Lakini fulana za rangi ya kaki au udongo na suruali ndefu zingefanya kazi hiyo hiyo. Lipelekeni jambo hili kwenye kikao cha wazazi kabla ya safari ijayo. Na gari likipita kwenye miti mingi, madirisha yafungwe.

Mbung'o anaweza kubeba vimelea vya malale. Nisikutishe: wagonjwa wa malale nchini ni wachache sana, na mbung'o wengi hawana vimelea hivyo. Ila haujaisha. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, zikiwamo Serengeti na Tarangire.

Dalili za malale ya ukanda wetu kwa kawaida hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa: homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma, uchovu, mitoki kuvimba, na mara nyingine kidonda kigumu chenye maumivu pale mbung'o alipouma. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Inahitajika damu iangaliwe kwa hadubini, na mpimaji awe ameambiwa anatafuta nini. Ikigundulika mapema inatibika. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza vidonge kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 6 wenye uzito wa kilo 20 au zaidi, badala ya kutegemea sindano pekee kama zamani.

Sema ulikuwa wapi

Mzungu akirudi kwao na homa, jambo la mapema anaulizwa amesafiri wapi. Sisi wa hapa mara nyingi hatuulizwi, kwa sababu hakuna anayetuhesabu kuwa watalii. Mtoto aliyetoka Mikumi anapanga foleni na wote wenye homa, anapimwa malaria, na kipimo kikiwa safi anarudishwa nyumbani na dawa ya kushusha homa.

Kwa hiyo useme mwenyewe: "Mwanangu alikuwa Mikumi tarehe fulani, aliumwa na mbung'o, homa imeanza tarehe fulani." Sentensi hiyo moja inabadilisha kipimo atakachoandikiwa. Kama amemaliza dawa ya malaria na homa imerudi, irudie sentensi hiyo kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla hamjaondoka

- Piga picha tangazo la safari au tiketi ibaki kwenye simu. Tarehe husahaulika.
- Maji ya kunywa yawe mengi kuliko soda. Gari likisimama juani lina joto kali, na mtoto anayeumwa kichwa jioni huenda hakunywa maji.
- Msile karibu na nyani wala ngedere, na msiwarushie chakula. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa.
- Mtoto asishuke garini kwenda haja porini. Watumie choo getini kabla ya kuingia.
- Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, lakini jiulize kama mtoto wa miaka miwili ataweza kukaa garini saa sita.

Likizo ya Juni inakuja. Yule mama wa Kihonda ameniambia safari imerudishwa kwenye ratiba, na chandarua kipya kimefungwa tayari. Bibi naye anataka kwenda, eti akamwone simba kwa macho yake.