Omena yetu na mchanga: barua ya wazi kwa Gavana wa Busia

Mheshimiwa Dkt. Paul Otuoma,

Nimetoka ufuoni hapa Port Victoria sasa hivi na viganja bado vinanuka samaki.

Asubuhi yote nilikuwa na mama mmoja anayeanika omena. Ametandaza nyavu kuukuu mchangani. Kuku wanapita juu yake, mbuzi nao hawabaki nyuma. Wingu likitanda upande wa Uganda, anakimbilia kukunja. Mvua ikimuwahi, omena inalowa, inabadilika rangi, na jioni mchuuzi wa chakula cha kuku anaichukua kwa bei ya kutupa. Iliyonusurika inapimwa kwa gorogoro. Niliyonunua nimeiosha kwa maji moto mara nne, na bado mchanga ulikuwa umetuama chini ya sufuria.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Huo ubora haukutiwa pale kuwa pambo. Kifungu cha 53 kinamtaja mtoto na lishe yake. Kwa mtoto wa Bunyala, lishe ndiyo hiyo omena, inayotafunwa na mifupa yake. Mbuta minofu yake inasafirishwa hadi Ulaya, sisi tunaachiwa mgongo wazi. Na hata huo siku hizi una bei!

Pasiwe na kusukumiana jukumu hili baina ya idara. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za afya, leseni za wauza chakula na uvuvi pia. Wewe ni daktari wa mifugo, na mwaka 2008 ulikuwa Waziri wa Maendeleo ya Uvuvi, sikufundishi.

Hatuombi kiwanda. Kiwanda kina jiwe la msingi na utepe wa kukata. Chanja za kuanikia omena hazina sherehe, labda ndiyo maana zinasahaulika. Tunaomba chanja za kimo cha kiuno, zenye wavu juu ya nguzo, na paa la nailoni kwa msimu wa mvua. Mafundi tunao hapa hapa. Tuongezee choo na maji safi karibu na wanapoanikia. Ombi hili liandikwe kwenye bajeti, na fungu lake lionekane.

Ukija kujionea, chagua siku za giza, mwezi usipokuwapo, ndipo omena inapovuliwa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, na uangalie unapokanyaga: ufuo wote huwa umeanikwa.

Mkazi wa Port Victoria